Mbona Kwenye Sinema Hakuna Anayesubiri Chenji?

 Kama uko jikoni unamalizia kupika, ongeza sauti kidogo. Kama uko kwenye daladala na dereva amefungulia redio, tega sikio. Jioni hii mazungumzo yanahusu jambo ambalo karibu kila nyumba yenye televisheni imeshalibishania: mbona watu wa kwenye sinema na tamthilia hawaishi kama watu?

Tuanzie mezani, kwenye kifungua kinywa. Ni asubuhi katika filamu ya Kimarekani. Mama ameshaamka, ameshakaanga mayai, mkate uko tayari, jagi la juisi ya machungwa limejaa hadi ukingoni. Baba anashuka ngazi huku akifunga tai. Anachukua kipande cha mkate, anakiuma mara moja, anambusu mkewe shavuni, anatupia jicho saa yake, huyo kaondoka. Watoto nao wananyakua mabegi, maana basi la shule limefika. Meza nzima inabaki kama ilivyoandaliwa. Sasa jiulize: nani atakula chakula kile? Na yule mama aliamka saa ngapi kukipika? Katika nyumba zetu, mtoto akiacha yai zima mezani kesi yake haiishi hadi jioni.

Jibu liko nyuma ya kamera. Tukio la dakika mbili halipigwi kwa mkupuo mmoja. Linapigwa kutoka pembe hii, kisha ile, kisha kamera inasogezwa karibu na uso wa baba, baadaye uso wa mama, na kila pembe inarudiwa mpaka mwongozaji aridhike. Inaweza kufika mara kumi, inaweza kufika ishirini. Na kila mara linaporudiwa, yai lazima liwe limeliwa kiasi kilekile, glasi iwe imejaa kiasi kilekile, uma uwe mkono uleule. Yuko mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuangalia mwendelezo, ili vipande vikiunganishwa mtazamaji asione glasi inajaa na kupungua yenyewe. Mwigizaji akila yai zima mara ya kwanza, ajue anayo mayai mengine kumi na tisa ya kula. Ndiyo maana wengi husukumasukuma chakula kwa uma huku wakizungumza. Wanaotafuna kweli mara nyingi huwekewa ndoo pembeni ya kamera, tukio likikatwa wanatema.

Kinyume chake, mwigizaji Brad Pitt, katika filamu ya Ocean's Eleven ya mwaka 2001, anakula karibu kila anapotokea. Watazamaji wamelizungumzia jambo hilo hadi leo. Fikiria: mtu mzima kula chakula chake akakimaliza, na ikawa habari!

Basi msikilizaji, ukiyakusanya mambo yote ya ajabu unayoyaona kwenye kioo, mengi yanatokana na hofu mbili. Kioo kinaogopa kusubiri, na kioo kinaogopa ukimya. Shika hayo mawili: kusubiri na ukimya. Tutayarudia.

Tuanze na kusubiri. Tazama watu wa kwenye sinema wanavyozungumza kwa simu. Mmoja anasema, "Tukutane saa mbili," na papo hapo anakata. Saa mbili wapi? Hakusema, na mwenzake hakuuliza. Hakuna kuagana. Sasa linganisha na simu ya kawaida kati ya Tanga na Mwanza. "Haya mama, nikuache upumzike." "Haya mwanangu, wasalimie." "Na wewe wasalimie wa huko." "Wamefika." "Haya." "Sawa basi." "Mungu akipenda." "Haya." Hapo bado hajakata mtu, maana mama amekumbuka habari ya mahindi. Mwandishi wa filamu ana kurasa mia moja na ushee za kumaliza hadithi yake, na kila ukurasa huhesabiwa kama dakika moja hivi. Kuagana kunakula nusu ukurasa. Anakukata.

Anakata na mengine mengi. Mtu anashuka kwenye teksi, anaingiza mkono mfukoni, anatoa noti bila hata kuiangalia, anampa dereva, anaondoka. Nauli ilikuwa kiasi gani? Chenji je? Yeyote aliyewahi kupanda daladala asubuhi na noti ya elfu kumi anajua kwamba safari nzima inaweza kuwa hadithi ya chenji, konda anasema utapewa mbele, na wewe kituo chako ndicho hicho. Vivyo hivyo mtu wa filamu anapata nafasi ya kuegesha gari mbele ya mlango hasa wa jengo analokwenda, katikati ya jiji, saa nne asubuhi. Akiwasha televisheni, mtangazaji anaanza sekunde ileile habari inayomhusu yeye. Akishasikia sentensi tatu anaizima, hata kama habari yenyewe ni ya ndugu yake aliyekamatwa. Ni nani angezima?

Na mlango! Katika tamthilia ya Seinfeld, iliyorushwa Marekani kuanzia mwaka 1989 hadi 1998, jirani anayeitwa Kramer huingia nyumbani kwa Jerry kama upepo, bila kugonga, anakwenda moja kwa moja kwenye friji. Kwetu hata mtoto wa jirani anabisha hodi, anasubiri kuitikiwa karibu, anaulizwa habari za kwao, ndipo anasema alichotumwa. Kwa kamera, hizo ni sekunde ishirini za mtu kusimama mlangoni.

Lakini yapo mambo ambayo si ya saa, ni ya ufundi. Umewahi kujiuliza kwa nini katika vichekesho vya familia watu wanne wanakula wamekaa upande mmoja wa meza, wamebanana, na upande wa pili hauna mtu? Upande wa pili ndiko tuliko sisi. Mwaka 1951 tamthilia ya I Love Lucy ilianza kupigwa kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti kama ukumbi wa maigizo. Aliyesimamia upigaji picha ni Karl Freund, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa wapigapicha wa filamu ya Metropolis ya Ujerumani mwaka 1927. Sebule ya namna hiyo ina kuta tatu tu. Ukuta wa nne ndiyo kamera na watu. Mtu akikaa upande wa huku atatupa mgongo. Utaratibu huo umeendelea miaka na miaka, na ndio uliowapa wale marafiki sita wa tamthilia ya Friends kochi lao la mgahawani, kochi ambalo katika jiji la watu mamilioni halikaliwi na mtu mwingine. Watengenezaji wenyewe walijua watazamaji wamegundua. Msimu wa tatu, mwaka 1996, unaanza kwa marafiki kuingia mgahawani, kukuta kochi lina wenyewe, na kugeuza wakatoka.

Gari nalo lina siri yake. Dereva wa filamu anaweza kumgeukia abiria wake, akamtazama machoni, akamweleza habari ya mapenzi yao tangu yalipoanza, na gari halitoki barabarani. Zamani gari lilikuwa limesimama ndani ya studio, na barabara ilionyeshwa kwenye pazia nyuma ya kioo. Siku hizi mara nyingi gari linakuwa juu ya tela fupi linalokokotwa na gari jingine. Mwigizaji hana anachoendesha. Akitazama barabara atakuwa anaigiza hilo pia, na mara nyingi anasahau.

Yapo pia mambo yaliyotokana na sheria za adabu. Kuanzia mwaka 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni kali za maadili, zilizojulikana kama Kanuni za Hays, na kanuni hizo hazikuachwa rasmi hadi 1968. Mke na mume walionyeshwa wakilala vitanda viwili tofauti, kimeza katikati. Hata kwenye televisheni, Lucy na mumewe Ricky wa I Love Lucy, ambao nje ya kamera waigizaji wao walikuwa mke na mume, waliwekewa vitanda viwili. Choo hakikuonyeshwa. Filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, inatajwa mara nyingi kuwa ya kwanza katika Hollywood kuonyesha choo kikivutwa maji, na wenye mamlaka walihangaika nalo kuliko unavyoweza kudhani. Kwa hiyo kizazi kizima kilikua kikitazama watu wasiokwenda msalani.

Sasa twende kwenye hofu ya pili, msikilizaji. Tumesema kioo kinaogopa kusubiri, na kinaogopa ukimya. Huku kwenye ukimya ndiko kuna ufundi wa ajabu, na huku pia ndiko kuna hatari.

Mahali pa kupigia filamu, sauti ndogo ndogo ni adui. Mfuko wa karatasi wa dukani ukikunjika unapiga kelele kuliko maneno ya mwigizaji, kwa hiyo mafundi wana mifuko ya nyenzo laini inayofanana na karatasi. Barafu ndani ya glasi hulia, hivyo zipo barafu za plastiki. Kikombe cha kahawa mara nyingi hakina kitu ndani, ili kisimwagikie nguo wala kumchoma mtu, na ndiyo sababu mwigizaji anakipeperusha huku na huko kama karatasi. Kwanza kila kitu kinanyamazishwa ili maneno yasikike. Kisha, filamu ikishapigwa, sauti zote zinatengenezwa upya na kurudishwa moja moja. Kazi hiyo ilianzwa na Jack Foley wa studio ya Universal, mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zilipoanza kutoa sauti, na hadi leo Hollywood inaiita kwa jina lake. Kwato za farasi ni vifuu vya nazi vikigongwa chini. Mfupa unaovunjika ni karoti. Ngumi inayolia kama gogo linapasuliwa haipo duniani. Wala upanga hauimbi unapochomolewa kwenye ala ya ngozi. Lakini masikio yetu yameshazoea, na ngumi ya kweli ikisikika kwenye filamu leo tutasema sauti imeharibika.

Hadi hapo hakuna aliyeumia. Mayai yasiyoliwa, simu zisizoagwa, panga zinazoimba, yote hayo mtazamaji anayasamehe na kuendelea. Swali la jioni hii linalostahili muda wetu ni jingine. Je, yapo mambo ambayo kioo kinayapotosha, na sisi tunayachukua na kwenda kuyaishi?

Yapo. Tutaje matatu.

La kwanza ni moyo kusimama. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa madaktari watatu wa Marekani, wakiongozwa na Susan Diem. Walikaa wakatazama vipindi 97 vya televisheni, vya ER, Chicago Hope na Rescue 911, wakahesabu kila mtu aliyesukumwa kifua ili moyo wake urudi. Walikuwa 60. Robo tatu yao walizinduka palepale, na theluthi mbili walionekana kunusurika hadi kuruhusiwa hospitali. Katika hospitali za kweli walionusurika walikuwa wachache, wachache mno ukilinganisha na hao wa kwenye kioo. Madaktari wale walikuwa na hofu moja ya msingi: familia inayoketi na daktari kuamua kuhusu mgonjwa wao mahututi, inaamua kwa picha gani kichwani?

Tazama pia namna yenyewe inavyofanywa. Mwigizaji anakunja viwiko, anadundadunda juu ya kifua kama anakanda maandazi. Hawezi kufanya vinginevyo, maana aliyelala pale ni mwigizaji mwenzake mzima wa afya, na msukumo wa kweli unaweza kumvunja mbavu. Msukumo wa kweli unataka mikono iliyonyooka, kifua kididimie sentimita tano au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, kwa muda mrefu. Ni kazi ya jasho. Kisha kuna ule mstari kwenye mashine, uliolala kimya, na daktari anapaza sauti watu wakae mbali, anapiga shoti ya umeme, mgonjwa anaruka kitandani, mstari unaanza kupanda na kushuka. Umeme ule ni wa moyo unaotetemeka ovyo, ili upige kwa mpangilio. Mstari ukishalala kabisa, shoti haiuamshi. Madaktari wanaendelea kusukuma na kutoa dawa. Hakuna cha kuruka kitandani.

La pili ni kujifungua. Kwenye kioo chupa inapasuka ghafla, mama yuko sokoni au harusini, maji yanamwagika, kila mtu anapiga kelele, na dakika tano baadaye mtoto analia. Kwa wanawake wengi uchungu hutangulia na chupa hupasuka baadaye, na kwa mimba ya kwanza saa za uchungu ni nyingi, usiku unaingia na kutoka. Mtoto mwenyewe anapoinuliwa, ni mnene, mkavu, shingo imekaza, macho yanafuata taa. Akina mama wanaosikiliza wanajua huyo ni wa miezi mitatu. Na sababu ni njema. Sheria ya California hairuhusu mtoto chini ya siku 15 kufanya kazi mbele ya kamera, na kuanzia hapo hadi miezi sita hawezi kutumiwa zaidi ya dakika 20 kwa siku. Ndiyo maana mara nyingi hutafutwa pacha, wapokezane. Sheria inamlinda mtoto, na hakuna wa kuilaumu. Ila binti anayesubiri mtoto wake wa kwanza, aliyejifunza uzazi kwenye tamthilia, anaweza kubaki nyumbani na uchungu wake akisubiri chupa ipasuke kama alivyoona, wakati alipaswa kuwa njiani kwenda kituo cha afya.

La tatu, msikilizaji, ni kuzama majini. Hili lipewe nafasi yake, kwa sababu wanaotusikiliza wengi wako kando ya maji: Mwanza na Musoma, Kisumu, Kigoma, Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba.

Mtu anazamaje kwenye sinema? Anapunga mikono juu. Anaita, "Nisaidieni!" Anazama, anaibuka, anaita tena. Ufukweni kila mtu anasikia. Sasa sikia inavyokuwa kweli. Frank Pia alikuwa mwokoaji katika ufukwe wa Orchard, Bronx, jijini New York. Aliweka kamera ufukweni akapiga picha za watu waliokuwa wakizama na kuokolewa, na miaka ya 1970 akaeleza alichokiona. Anayezama kweli hapigi kelele. Hawezi. Mdomo unashuka chini ya maji na kupanda, na kile kipindi kifupi ulipo juu kinatosha kuvuta pumzi tu, hakitoshi kutoa neno. Mikono haipungi, inajitandaza pembeni ikikandamiza maji ili kichwa kibaki juu. Miguu haipigi. Mwili umesimama wima, kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo. Na kabla hajatoweka, muda ni sekunde 20 hadi 60.

Sekunde 20 hadi 60, na bila sauti. Mzazi aliyekaa mchangani Coco Beach akipiga soga, mita chache tu kutoka kwenye maji, anategea sikio kelele. Kelele haiji. Anachokiona ni mtoto aliyetulia, kichwa kimeinama nyuma kidogo, mdomo usawa wa maji, nywele zimemfunika macho wala hazisogezi. Anaweza kudhani anacheza. Watoto wanaocheza majini hupiga kelele. Mtoto akinyamaza ghafla, mwite jina. Asipoitika, ingia kama unajua kuogelea. Kama hujui, mrushie kitu kinachoelea, kamba, dumu tupu lenye kifuniko, huku ukiita watu.

Hapo ndipo hofu ya kioo kwa ukimya inapotugharimu. Mwongozaji anaogopa kwamba mtu akizama kimyakimya mtazamaji hataelewa. Kwa hiyo anaongeza kelele. Na sisi tunaondoka tukiamini kelele ndiyo dalili.

Pengine kuna anayesema, ndugu mtangazaji, nani hujifunza maisha kwenye maigizo? Watu wanajua ni mchezo. Jibu la swali hilo liko hapahapa, tena redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wengi wanaokumbuka miaka ile wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi kila kituo, na mkewe Tunu. Mchezo ulitungwa kwa makusudi, kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Na kwa karibu miaka miwili eneo la Dodoma halikurushiwa, lilipata vipindi vingine, ili watafiti walinganishe. Miongoni mwao walikuwa Everett Rogers, Peter Vaughan na Ramadhan Swalehe. Walichokuta ni kwamba mahali mchezo uliposikika, watu zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango na kujikinga, na wake na waume walizungumza zaidi juu ya mambo hayo. Mkwaju hakuwapo duniani, lakini barabara yake ilikuwapo, vituo vyake vilikuwapo, na kila msikilizaji alimjua mtu wa namna ile. Igizo likilifikia jambo la kila siku kwa ukweli, watu wanalipeleka nyumbani. Likilifikia kwa uongo, vilevile wanalipeleka nyumbani.

Je, filamu zetu wenyewe? Tuzitaje pia, maana tunazipenda. Miaka ile Bongo Movie zinauzwa kwenye diski, hadithi moja ilikatwa Part 1 na Part 2, kila moja na bei yake. Dakika zilikuwa fedha. Kwa hiyo huku kwetu kioo hakikuogopa kusubiri hata kidogo: gari linakuja polepole, linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, viatu vinaonekana kwanza. Kisha sebuleni, makochi makubwa, na watu ambao hatuambiwi wanafanya kazi gani. Usiku dada analala na wigi na wanja, na asubuhi anaamka navyo. Muda ulikuwapo wa kutosha, ila ulitumika getini. Foleni ya maji, mkopo wa duka la Mangi, safari ya kumpeleka bibi hospitali ya rufaa, hayo hayakupata hata dakika moja ya ule muda.

Na kwamba watazamaji wetu wanayataka mambo hayo, ushahidi upo. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Doudou na mama wakwe zake. Hakukuwa na majumba ya kifahari wala visasi vya mamilioni. Ilikuwa ni mkwe, mama mkwe, jiko na meza ya chakula, na maneno yanayotupwa juu ya sahani. Ilipendwa, mpaka Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 akaitaja.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote umetoka Afrika yetu, Senegal, na una zaidi ya nusu karne. Mwaka 1968 Ousmane Sembène, aliyewahi kuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Marseille, alitengeneza filamu ya Mandabi, akaitengeneza kwa Kiwolof, lugha ya watu aliowaonyesha. Inaanza na kinyozi wa chini ya mti anamnyoa mzee, Ibrahima Dieng, na wembe unaingia hadi kwenye pua kutoa vinyweleo. Mzee anakwenda nyumbani, wake zake wawili wanamwandalia wali, anakula. Anakula kweli, msikilizaji, kwa mkono, hadi anacheua, kisha anasinzia. Hakuna ndoo pembeni.

Kisa chenyewe ni kidogo. Mpwa wake anayefagia barabara Paris amemtumia hundi ya posta ya faranga 25,000. Sehemu kubwa si yake, amtunzie kijana mwenyewe, na kiasi fulani ni cha mama yake kijana. Mzee anakwenda posta. Hajui kusoma, mwandishi wa barua pale posta anamsomea, kisha anadai ujira wake. Dirishani anaambiwa alete kitambulisho. Polisi wanataka cheti cha kuzaliwa na picha. Manispaa wanataka tarehe aliyozaliwa, na mzee anajua mwaka, hajui siku. Mpigapicha anachukua fedha na picha haitoki. Wakati huohuo mtaa mzima umeshasikia kwamba Dieng amepata fedha, kila mtu anakuja kukopa, na yeye mwenyewe anakopa dukani kwa ahadi ya hundi ambayo hajaishika mkononi.

Filamu nzima ni kusubiri. Mzee anasimama kwenye foleni na sisi tunasimama naye. Tunaona karani asivyoinua uso. Sembène hakukata kile ambacho wengine wangekata kwanza, kwa sababu alijua ubaya wa ofisi zile haukuwa katika neno lolote moja walilosema, ulikuwa katika saa walizomsimamisha. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa, "Njoo kesho"? Mwaka 1975, huko Ubelgiji, Chantal Akerman naye alimwonyesha mama mmoja akimenya viazi, akiosha vyombo, akitandika kitanda, kwa zaidi ya saa tatu. Mwaka 2022 kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound la Uingereza iliiweka filamu hiyo, Jeanne Dielman, ya kwanza duniani. Ila kwa sisi wa huku, Mandabi iko karibu zaidi. Karani yule tunamjua.

Muda wetu unakimbilia ukingoni. Wiki ijayo katika nafasi hii tutasoma barua za wasikilizaji, na swali ni hili: ni igizo au filamu gani ya Kiswahili, ya redio au ya runinga, ambamo uliwahi kumwona au kumsikia mtu akipanga foleni kwenye dirisha la ofisi au hospitali hadi zamu yake ikafika? Taja jina la igizo, eleza tukio lilivyokwenda, na sema ni nani alikuwa dirishani. Wanaoandika maigizo ya vijana huko mashuleni nao wanakaribishwa kuleta matukio yao. Hadi wiki ijayo saa kama hii, usiku mwema.